Mnara wa Rådhus Copenhagen na mnara wa Bunge: hizi sentimita 40 zilitoka wapi?

#1 Kiberenge
Wakuu salaam. Ule uzi wa minara ya Ulaya umefungwa, nafungua huu kwa mnara mmoja tu: wa Rådhus, jengo la halmashauri ya jiji la Copenhagen.

Msanifu ni Martin Nyrop. Ujenzi ulianza 1892, uzinduzi 12 Septemba 1905. Mnara una mita 105.6. Wakati huo kasri la Christiansborg, makao ya bunge, lilikuwa gofu, maana liliungua Oktoba 1884. Christiansborg ya sasa ilianza kujengwa 1907, ikamalizika 1928, na mnara wake una mita 106. Piga hesabu: tofauti ni sentimita 40.

Hoja yangu: hiyo si bahati. Serikali ilikuta manispaa imeshasimamisha mnara mkubwa kuliko yote mjini, ikaona haiwezi kuwa chini ya watoza kodi ya takataka. Wakaongeza kiasi cha kuwafunga mdomo tu. Mwenye maelezo mengine aweke. Na wanaojua utaratibu wa kupanda waweke pia, maana kuna wadau wanapita Copenhagen mwaka huu.

#2 Mzururaji
Nimeshavuta kiti.

#3 Mkaguzi
Kiberenge, hadithi tamu lakini kipimo chako kina tundu. Mita 105.6 ni kutoka wapi? Mita 106 ni kutoka wapi? Christiansborg iko Slotsholmen, kisiwa kilichozungukwa na mfereji. Rådhus iko palipokuwa na maboma ya ngome ya magharibi, na mbele yake uwanja umechimbwa ukashuka kidogo. Ukipima kutoka usawa wa mlango unapata namba moja, ukipima kutoka katikati ya uwanja unapata nyingine. Sentimita 40 ni vipandio viwili vya ngazi na kidogo. Kwa jengo la mita mia na kitu, hiyo inamezwa na uamuzi wa fundi wa wapi aweke mguu wa utepe.

#4 Shangazi wa Vesterbro
Mkaguzi ana hoja, ila tofauti ya sentimita 40 inatajwa na wote, hata waongozaji wa watalii. Inawafaa wote wawili. Bunge linajisifu, na jiji linapata la kunung'unikia.

Sasa utaratibu. Mnara wa Rådhus haupandi peke yako. Unapanda na mwongozaji, kwa saa zilizopangwa, kwa tiketi. Saa hizo hubadilika kwa msimu, na jengo likiwa na shughuli rasmi zinafutwa, kwa hiyo tazama ratiba ya Rådhus yenyewe asubuhi ya siku hiyohiyo, usiamini karatasi ya hoteli. Ngazi ni takriban 300. Lifti haikufikishi juu. Njia inazidi kuwa nyembamba kadiri unavyopanda, wanaopanda wanasubiri wanaoshuka, begi la mgongoni linakuwa balaa. Vaa mbele au acha.

Ukumbi wa chini wenye paa la vioo ni kitu kingine kabisa. Huo ni wazi kwa umma siku za kazi, unaingia kama mwananchi yeyote mwenye shida na manispaa. Humo kuna vichwa vinne vya sanamu: Nyrop mwenyewe, mchongaji Thorvaldsen, H.C. Andersen na Niels Bohr.

#5 Chizi Maarifa
Msanifu kajiweka mwenyewe kwenye jengo lake? Huku kwetu huyo angeitwa kamati ya maadili.

#6 Shangazi wa Vesterbro
Chizi, wewe ndiye ungeitwa wa kwanza.

#7 BintiPwani
Shangazi asante. Naongeza la safari kwa wanaotoka uwanja wa ndege wa Kastrup. Njia mbili.

Metro: panda M2 hadi Kongens Nytorv, shuka, hamia M3 au M4, vituo viwili tu (Gammel Strand, halafu Rådhuspladsen, yaani uwanja wa mbele ya Rådhus). Kituo kiko chini ya uwanja wenyewe, ukitoka juu mnara uko usoni. Mstari wa M3 ulifunguliwa 29 Septemba 2019, kwa hiyo kitabu cha zamani cha mwongozo hakitakutajia hiki kituo.

Treni: hadi København H, stesheni kuu, kama robo saa, halafu tembea ukiipita Tivoli, bustani ya burudani. Hapa ndipo watu wanapotea. Stesheni ya uwanja wa ndege ina treni za kwenda pande mbili. Upande mmoja ni Copenhagen, upande mwingine ni Malmö, yaani unavuka daraja la Øresund na kuingia Sweden. Usikimbilie treni kwa sababu milango iko wazi. Soma jina la mwisho wa safari kwenye ubao wa jukwaa. Na tiketi yako ya mjini haina kazi ng'ambo ya daraja.

Tiketi ya uwanja wa ndege hadi katikati ya mji ni ya kanda tatu. Ukinunua ya kanda mbili utatozwa faini, hata ukilia Kiswahili.

#8 Mzururaji
Kwa hiyo mtu akiwa na mapumziko ya saa sita hapo Kastrup anaweza kwenda, kupanda, kurudi?

#9 Mkaguzi
Kwa pasi ya Tanzania, Kenya au Uganda bila viza ya Schengen, hapana. Kutoka nje ya uwanja ni kuingia Schengen. Wenye viza au kibali cha kukaa, muda unatosha iwapo saa ya kupanda mnara imeangukia katikati. Isipoangukia, nenda Christiansborg.

#10 Kiberenge
Hapo ndipo nilipotaka mfike. Mnara wa Bunge ulifunguliwa kwa umma 2014, bure, na una lifti. Serikali iliwazidi manispaa kwa sentimita 40, halafu ikawazidi kwa bei. Nani bado anasema bahati?

#11 Fundi Saa
Kiberenge punguza moto. Kwanza, Christiansborg hufungwa Jumatatu mnarani, na kuna ukaguzi wa mizigo kama wa uwanja wa ndege, kwa hiyo foleni ya mchana wa kiangazi hula muda wako wote. Pili, utazame mnara huo umekwishaje juu: kilele na kielekeza upepo chenye mataji matatu. Mita 106 ni hadi kwenye ncha hiyo. Mtu anayechora kilele cha namna ile anaangalia uwiano, taji liwe kubwa kiasi gani lionekane kutoka barabarani. Punguza taji kidogo, Rådhus inashinda. Mimi nasema ni mchoro wa mhunzi tu, siasa zimebandikwa baadaye.

Halafu mmenishangaza. Posti kumi na hakuna aliyetaja Saa ya Dunia.

#12 Nyangumi
Saa ya Dunia ndiyo ile juu ya mnara?

#13 Fundi Saa
Hapana. Ya mnarani ni saa ya mnarani, ina kengele. Saa ya Dunia iko chini, chumba cha pembeni ukiingia mlango mkuu, ndani ya kabati la vioo. Ni ya Jens Olsen, fundi aliyezaliwa Ribe 1872 na kuanza kama fundi vitasa. Aliiona saa ya falaki ya kanisa kuu la Strasbourg na ikamkaa kichwani maisha yote. Mahesabu yalichukua miaka mingi. Uundaji wenyewe ulianza 1943, Olsen akafa 1945 kabla haijakamilika, ukaendelezwa na Otto Mortensen. Iliwashwa 15 Desemba 1955 na Mfalme Frederik IX pamoja na mjukuu wa Olsen.

Ni ya mitambo mitupu. Hutiwa ufunguo mara moja kwa wiki. Inaonyesha saa ya kawaida, saa ya nyota, mawio na machweo, kupatwa kwa jua na mwezi, mahali pa sayari, na kalenda ya kudumu. Ina vipande 15,448.

#14 Mkaguzi
14,448.

#15 Fundi Saa
15,448.

#16 Mkaguzi
Namba zote mbili zimechapishwa, na zimetofautiana elfu moja kamili. Tarakimu moja tu. Ama mchapaji mmoja kateleza na wengine wakanakili, ama mmoja kahesabu skrubu na mwingine hakuhesabu. Hiyo ya skrubu siiamini sana, maana haiwezekani skrubu ziwe elfu moja bila hata moja ya ziada.

#17 Chizi Maarifa
Kuna ya tatu: fundi aliifungua kuisafisha, akaifunga, vikabaki elfu moja mezani. Wenye pikipiki wananielewa.

#18 Nyangumi
😂😂 Chizi

#19 Fundi Saa
Mzaha huo umegusa kweli kidogo. Saa ilisimamishwa katikati ya miaka ya 1990, ikafunguliwa yote, ikasafishwa na kukarabatiwa, ikarudi kazini. Sababu ni ileile ya saa yoyote: mafuta yanaganda, yanashika vumbi, vumbi linageuka msasa, na mhimili unaanza kula tundu lake. Mtambo mkubwa hauvunjiki. Unazidi kuwa mzito hadi nguvu ya uzito haitoshi kuusukuma.

Sasa kitu cha kutazama ukisimama pale. Gurudumu la kasi kabisa humaliza mzunguko kwa sekunde 10. La pole kabisa humaliza kwa miaka 25,753. Hilo la pole linafuata kuyumba kwa mhimili wa dunia, ile pia inayojizungusha huku inayumba taratibu. Gawa nyuzi 360 kwa 25,753 unapata nyuzi 0.014 kwa mwaka. Tangu 1955 gurudumu limegeuka kama nyuzi moja tu. Kwa hiyo usikodoe macho ukisubiri lisogee.

#20 BintiPwani
Hili la nyuzi moja limenikaa. Miaka 70 na bado halijatoka hata kwenye jino moja?

#21 Fundi Saa
Inategemea gurudumu lina meno mangapi. Likiwa na 360, ndiyo limevuka takriban jino moja. Likiwa na pungufu ya hapo, bado liko kwenye jino la kwanza. Lenyewe linasukumwa na mlolongo wa magurudumu mengine yanayopunguza kasi hatua kwa hatua. Ubora wa kazi uko kwenye mlolongo ule, kuchagua idadi ya meno ili ukigawanya upate mwaka wa jua wenye siku 365.2422 na si 365.25.

#22 Mkaguzi
Na hapo ndipo lile tangazo la "inakosea chini ya sekunde moja kwa miaka 300" linapopotosha watu. Saa ya pendulamu kwenye chumba chenye wageni, joto linapanda na kushuka, haiwezi hiyo. Kinachokosea sekunde hiyo ni uwiano wa meno kwenye karatasi. Pendulamu yenyewe huwekwa sawa na binadamu.

#23 Fundi Saa
Nusu nakubali. Pendulamu nzuri yenye fimbo ya aloi isiyotanuka kwa joto inafanya maajabu. Lakini miaka 300, hapana.

Nyongeza: sehemu ya kalenda inaitwa komputus. Usiku wa kuamkia mwaka mpya mtambo unajigeuza, unapanga sikukuu zote za mwaka unaokuja zisizo na tarehe maalumu, Pasaka na zinazoifuata. Kwa mwaka mzima sehemu hiyo imetulia, inafanya kazi usiku huo mmoja.

#24 Mama Chapati
Kama mshenga wa kijijini kwetu. Anaonekana Desemba tu.

#25 Shangazi wa Vesterbro
Usiku huo nje ni vita. Watu wanajaa Rådhuspladsen kusikiliza kengele za saa sita usiku, na majumbani Wadenmaki wanapanda juu ya viti na makochi, kengele ikigonga wanaruka kuingia mwaka mpya. Uwanjani fataki zinarushwa na raia wenyewe kutoka chupani, zinapita usawa wa kichwa. Wenyewe huvaa miwani ya kinga, na wewe vaa. Usiende na mtoto mgongoni.

Kengele hizohizo redio ya taifa DR huzirusha saa sita mchana. Ukitaka kusikia bila kupanda, simama uwanjani dakika mbili kabla.

#26 Aarhus Kwetu
Posti 25 za Copenhagen. Nchi ina miji mingine.

Rådhus ya Aarhus: wasanifu Arne Jacobsen na Erik Møller, ilizinduliwa 2 Juni 1941, jiji likitimiza miaka 500 tangu lipate hati ya mji wa biashara 1441. Mnara mita 60. Uso wa saa una kipenyo cha mita 7. Mnarani kuna kengele 48 za kupiga tuni. Samani za ndani zina mkono wa Hans Wegner. Na hapo pana mkasa mkubwa kuliko sentimita zenu 40: mchoro wa kwanza haukuwa na mnara kabisa. Wananchi walikuja juu wakisema Rådhus bila mnara ni ofisi ya bima. Wakalazimisha.

#27 Kiberenge
Karibu Aarhus. Ndiyo maana ule mnara unaonekana kama mafundi wamesahau kuondoa jukwaa?

#28 Aarhus Kwetu
Matusi sipokei kutoka kwa mtu anayegombania nusu mita.

Ila umegusa. Mnara ule ni fremu ya zege iliyoachwa wazi, na saa haikuwekwa kileleni, iko chini zaidi kama imefungwa mkandani. Maelezo ya kwanza: wasanifu hawakutaka mnara, wakaamua uonekane ni kitu cha kuongezwa, wasidanganye. Maelezo ya pili: ni mantiki ya kawaida ya usasa, onyesha mifupa ya jengo. Ya tatu ni ya wazee wa mji: saa ikae chini ili ionekane na mtu aliye mtaani. Kila anayekuongoza atachagua moja na kuitetea kufa na kupona.

#29 Mkaguzi
Na yale marumaru je? Mchoro wa kwanza haukuwa nayo.

#30 Aarhus Kwetu
Sahihi. Hayo nayo yalitokana na shinikizo lilelile. Watu walitaka jengo lenye heshima, ukuta ukavikwa marumaru ya kijivu kutoka Porsgrunn, Norway. Simama karibu na kona uangalie: ni vibao vilivyobandikwa juu ya zege, na michirizi ya jiwe haiendelei kutoka kibao hadi kibao. Hawakujaribu kukudanganya kuwa ni ukuta wa mawe.

Jengo lilitiwa kwenye orodha ya majengo ya kuhifadhiwa 1994. Hakuna anayeruhusiwa kubadili hata kitasa kiholela.

Nje, upande wa Park Allé, kuna chemchemi ya Mogens Bøggild, nguruwe jike na watoto wake. Maji yanatoka mdomoni kama udenda, na kitoto kimoja kinakojoa. Mbele ya ofisi ya meya.

#31 Chizi Maarifa
Hilo ndilo jengo la serikali lenye ukweli kuliko yote niliyowahi kusikia.

#32 Mama Chapati
Tusitoke kwenye mada. Mmesahau chapati! Rådhus ya Copenhagen ina chapati zake za maji maarufu, rådhuspandekager, zenye krimu tamu ndani, zimeviringishwa. Wanapewa wageni rasmi. Timu ya mpira ilipobeba kombe la Ulaya 1992 ilipokelewa pale, wakatoka roshani, uwanja wote umejaa.

#33 Nyangumi
Zinauzwa?

#34 Mama Chapati
Hizo ni za hafla. Ukienda na tiketi ya mnara hupewi chapati, unapewa ngazi.

#35 Shangazi wa Vesterbro
Wengine wanaingia Rådhus kwa jambo zito zaidi: ndoa ya bomani. Wapo Waafrika Mashariki wengi wa Ujerumani na Uholanzi wanaokuja kufungia Denmark kwa sababu karatasi ni chache. Kwa wanaouliza kila mara:

Huanzi Rådhus. Unaanza Familieretshuset, mamlaka ya taifa, inayokagua maombi ya wageni tangu 1 Januari 2019. Wanataka pasi, uthibitisho wa kukaa kihalali, uthibitisho wa hali ya ndoa, na hukumu ya talaka kama uliwahi kuolewa au kuoa. Ukipita wanatoa cheti cha kuruhusiwa, prøvelsesattest, kinachodumu miezi minne. Hapo ndipo unapanga tarehe na manispaa.

Panapoharibika: talaka. Watu wanaleta barua ya kadhi au ya ukoo isiyo na muhuri wa mahakama, au hukumu inayosema talaka imeombwa, haisemi imekamilika. Lingine ni majina. Pasi ina majina matatu, cheti cha kuzaliwa kina mawili, herufi moja imehama. Rekebisha kwanza nyumbani, usitegemee kueleza kwa mdomo. Na ada ya maombi hairudi ukikataliwa.

Siku yenyewe ni dakika chache. Wanatakiwa mashahidi wawili, kama huna unauliza manispaa mapema. Ukumbi wa ndoa umechorwa na Joakim Skovgaard. Cheti kinatoka kwa lugha tano, Kiswahili hakimo, na kabla ya kukitumia nje ya Denmark kinapitishwa kwanza wizara yao ya mambo ya nje kugongwa uthibitisho. Wengi wanaruka hatua hii halafu wanarudishwa kutoka Dodoma au Nairobi.

#36 BintiPwani
Hiyo ya majina matatu iwekwe juu ya jukwaa iwe tangazo.

#37 Mzururaji
Swali la mshamba: Rådhus ni ya 1905, kabla ya hapo halmashauri ilikaa wapi?

#38 Mkaguzi
Imehama sana, na moto ndio umeihamisha. Ya zamani iliyokuwa kati ya viwanja vya Gammeltorv na Nytorv iliungua 1728. Ikajengwa nyingine papo hapo, nayo ikaungua 1795. Ukienda leo utaona alama ya kuta zake kwenye mawe ya uwanja, watu wanaikanyaga wakila soseji. Baada ya hapo ikaja ile ya C.F. Hansen ya 1815, yenye nguzo, Rådhus na mahakama pamoja. Leo ni mahakama tu. Kutoka pale hadi Rådhus ya sasa ni dakika tano kwa Strøget, mtaa wa waenda kwa miguu.

#39 Kiberenge
Na hilo linanipa nguvu. Manispaa imeunguliwa mara mbili, imekaa nyumba moja na mahakama miaka tisini. Siku imepata kiwanja chake inasimamisha mnara wa mita 105. Hiyo ni hasira. Na serikali ikajibu.

#40 Shangazi wa Vesterbro
Mimi naweka maelezo ya nne basi. Mji ule una desturi: minara ya makanisa na majumba ya umma ndiyo inayotawala anga, majengo mengine yakae chini. Anayejenga mnara wa umma anatazama iliyopo na kuja karibu nayo, ili picha ya mji isipotoke. Wakija karibu kiasi hicho, mmoja lazima amzidi mwenzake kidogo. Hakuna aliyekuwa anashindana.

#41 Chizi Maarifa
Hakuna aliyekuwa anashindana, lakini kila mtu anazijua sentimita. Sawa.

#42 Nyangumi
Mbona hospitali ya Herlev ina mita 120? Wote wamezidiwa na wodi.

#43 Mkaguzi
Herlev ni manispaa nyingine, nje ya Copenhagen. Ndiyo maana haikugusa picha ya katikati ya mji. Na tukiwa kwenye manispaa nyingine: wanaotafuta ile lifti isiyosimama, vyumba vinavyozunguka bila mlango, wasiende Rådhuspladsen. Iko Rådhus ya Frederiksberg, ya 1953, manispaa iliyozungukwa na Copenhagen pande zote lakini ina meya wake. Ya Christiansborg ipo, ila ni ya wabunge.

Kuipanda: simama pembeni, ngoja sakafu ilingane na mguu, ingia kwa hatua moja, mtu mmoja au wawili tu. Usirudi nyuma ukishaanza. Ukipitiliza ghorofa ya mwisho hupinduki, chumba kinahama pembeni na kushuka upande wa pili kikiwa wima.

#44 Nyangumi
Hilo la kupinduka ndilo lililokuwa linanizuia, asante.

#45 Fundi Saa
Tukirudi Rådhuspladsen, kabla hujapanda angalia kwanza vitu vitatu vya bure. Juu ya mlango mkuu, Askofu Absalon aliyepakwa dhahabu. Ndiye anayehesabiwa mwanzilishi wa mji, 1167. Pembeni, nguzo yenye wapiga pembe wawili wa shaba, kazi ya Siegfried Wagner, 1914. Na kwenye mnara mdogo wa jengo la Richs, kona ya Vesterbrogade, wasichana wa hali ya hewa wa Utzon-Frank, 1936: mwenye baiskeli hutokeza kukiwa kweupe, mwenye mwavuli kukiwa na mvua.

#46 Mzururaji
Wale wapiga pembe si inasemekana watapuliza bikira akipita?

#47 Shangazi wa Vesterbro
Ndivyo wasemavyo. Tangu 1914 kimya.

#48 Mama Chapati
Mods mpo?

#49 BintiPwani
Nina swali la kweli. Mwenye magoti mabovu achague mnara gani?

#50 Mkaguzi
Christiansborg kwa lifti. Asiyeweza ngazi lakini anaweza mlima, Rundetårn, mnara wa mviringo: ya Mfalme Christian IV, 1637 hadi 1642, ina njia ya mzunguko bila ngazi, mita 209, inajizungusha mara saba na nusu. Ngazi zipo chache tu juu kabisa. Urefu ni mita 34.8, lakini uko katikati ya mapaa, unaona nyumba kwa karibu. Mwenye magoti mazima na asiye na kizunguzungu, mnara wa kanisa la Vor Frelsers Kirke: ngazi 400, na 150 za mwisho ziko nje, zinazunguka kilele, zikizidi kuwa nyembamba hadi zinaisha. Upepo mkali au mvua, hufungwa. Rådhus inakaa katikati: ngazi nyingi lakini za ndani.

#51 Fundi Saa
Na mwanga. Desemba jua linazama kabla ya saa kumi jioni, kwa hiyo zamu ya mwisho ya mchana ni kiza. Juni lipo hadi saa nne usiku. Siku kavu yenye upepo wa baridi ndiyo nzuri, unaona daraja la Øresund na ng'ambo yake jengo refu la Turning Torso la Malmö, mita 190. Siku ya joto yenye ukungu wa bahari huoni hata bandari.

#52 Kiberenge
Kwa hiyo Wasweden wa Malmö wamewazidi wote wawili kwa zaidi ya mita 80, na hakuna anayeandika uzi.

#53 Aarhus Kwetu
Andika. Mimi nitakuja kuwaeleza habari ya nguruwe.

#54 Mkaguzi
Kiberenge, kabla hujafungua huo mwingine: umepata michoro ya Christiansborg ya msanifu wake Thorvald Jørgensen, au bado unatumia hasira kama kipimo? Kilele chake kilivikwa shaba nyekundu baadaye, mwishoni mwa miaka ya 1930, pamoja na paa. Mtu apime unene wa shaba.

#55 Chizi Maarifa
Shaba ya sentimita 40? Huyo fundi alilipwa kwa kilo.